Neno Lililombakia Baba

Baba alikuwa mchongaji, na kama wachongaji wote niliowahi kuwajua, alikuwa mtu wa kesho. Mteja akija kuulizia twiga wake, kesho. Mwenye duka la mjini akimtuma mtu aulize ile miiko imefikia wapi, kesho. Mama alikuwa akimtania kwamba hata siku Mungu atakapomwita atajibiwa aje kesho, na Baba alikuwa akicheka mpaka anakohoa vumbi la mbao. Halafu kiharusi kikampata akiwa karakanani, patasi mkononi, na alipozinduka hospitalini maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa hilo moja. Ukimuuliza kama anataka chai, kesho. Ukimuuliza anaumwa wapi, kesho. Mara ya kwanza tulicheka, mimi na Mama, pale kando ya kitanda, kisha tukatazamana.

Kiharusi nimekikubali. Hakina ofisi, hakina mlango wa kubisha. Ninachotaka kusimulia ni habari ya sauti yake, ambayo ilikuwa imehifadhiwa mahali, nzima kabisa, na tukazuiwa kuifikia na watu wenye adabu nzuri sana.

Lazima nianze na ile apu ya simu. Kabla Baba hajaugua, vijana wa kampuni moja changa walifika karakanani wamevaa fulana za rangi moja, wakabandika matangazo kwenye nguzo. Apu yao ilikuwa ya kutuma sauti tu. Unabonyeza, unaongea, unaachilia, basi. Walisema wameitengeneza kwa ajili ya mwananchi wa kawaida asiyependa kuandika, na kwa Baba hilo lilikuwa kweli kabisa. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya kung'arishia mbao saa zote, miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, na kuandika ujumbe kulimtoa jasho kuliko kuchonga kifaru. Apu ilikula data kidogo na ilikuwa na picha badala ya maneno. Baba aliipenda siku hiyo hiyo.

Tangu hapo kila asubuhi nilipata sauti yake. Mimi nakaa mtaa wa Tassia, kwenye gorofa ambayo dirisha lake limekaribiana na la jirani kiasi kwamba najua anakaanga nini. Wao wako Njiru, ukingoni mwa mji, kwenye ploti yao, kiwanja walichojenga vyumba viwili na kuacha vyuma vimesimama juu vikingoja vingine. Baba aliniletea habari za huko kana kwamba nimesafiri mbali: maji yamekuja, maji hayajaja, tope limefika mlangoni, jogoo wa jirani ana wazimu, na je, Jumapili nilienda kanisani au nilisema tu nilienda. Nilizisikiliza nikinywa chai, halafu baada ya muda zikajifuta zenyewe. Hilo nalo kampuni ilijivunia. Za mpokeaji zinafutika ili simu isijae, za mtumaji wanamtunzia wao, huko kwao, milele. Neno milele liliandikwa kwenye yale matangazo kwa herufi kubwa.

Baba aliporudi nyumbani kutoka hospitalini, mtaalamu wa matamshi alimwambia Mama kwamba mzee anaelewa kila kitu. Maneno yamo ndani, ila njia ya kutokea imeziba. Asikilizishwe maneno aliyoyazoea, polepole, kila siku, naye ayafuate kwa mdomo. Mama alifikiria kumsomea Biblia, akafikiria nyimbo za kanisani, kisha akakumbuka ile simu ya Baba. Haikuwa na paswadi. Nyumbani kwetu simu ni ya aliye karibu nayo. Akaifungua ile apu akamkuta mume wake amejaa humo, anaongea.

Aliichagua sauti moja. Ilikuwa ya wakati Mama alipokwenda Ukambani kumzika shangazi yake akakaa huko kuliko alivyoahidi. Baba alibaki peke yake, akajipikia muthokoi, akausahau jikoni kwa sababu alikuwa anamaliza pembe za swala, na ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ukawa mkaa. Alimtumia Mama sauti kumshtakia. Alisema kitu kama muthokoi umemkataa, kwamba jirani ndiye aliyemwambia chakula chake kinaungua, kwamba Mama arudi kabla yeye hajaichoma na nyumba. Naandika kwa kukisia. Mwishoni alishusha sauti akasema maneno machache ya Kikamba, ya mume na mke, ambayo Mama alikuwa akiyazima kabla sijayasikia vizuri.

Basi ikawa ndio kawaida ya nyumba. Baada ya uji Mama anavuta kiti, anaiweka simu juu ya meza, anabonyeza, na Baba anajisikiliza. Mwanzoni alikuwa akitazama tu. Baadaye midomo ikaanza kucheza. Wakati mwingine alicheka mahali pale pale alipocheka kwenye sauti, wakacheka wawili, yule wa kwenye simu na huyu wa kwenye kiti, na Mama akageukia ukuta. Nilipokuwa nikienda Njiru Jumapili nilikuwa naona ile midomo ikifunga vizuri ikifika kwenye neno muthokoi, ikitoa mmm.

Asubuhi moja Mama alinipigia nikiwa kazini. Alikuwa analia na kucheka na nilidhani Baba ameanguka. “Amesema mu,” akaniambia. “Si mmm. Mu. Nimemsikia na masikio yangu.” Nilikaa chini. Nilikuwa na wateja wananisubiri na niliwaambia Baba yangu amesema mu, na mama mmoja aliyekuwa amekuja kuchapisha fomu alisema asante Yesu bila kuniuliza maana yake. Tulikuwa tunakaribia neno la pili. Mimi na Mama tuliishi kwa ile silabi majuma kadhaa, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha nyingine kubwa hivyo.

Kisha simu ikaanguka. Ilitoka mezani ikapiga sakafu ya saruji, kioo kikawa cheusi. Mama akaipeleka kwa fundi wa simu pale steji ya matatu ya Njiru, kijana mwaminifu tunayemjua, akabadilisha kioo lakini simu ikakataa kuwaka zaidi ya ile picha ya mwanzo. Akamweleza Mama kwamba itabidi aisafishe yote iwe kama imetoka dukani, lakini sauti za mzee haziko kwenye simu, ziko kwa wenye apu, zitarudi. Hakumdanganya. Zilikuwa kwa wenye apu. Apu ilirudi, ikawaka na ule mdomo wake unaotabasamu, ndiyo nembo yao, halafu ikauliza wewe ni nani.

Ilitaka kutuma namba ya siri kwa barua pepe ya mwenye akaunti. Hapo nilijua tumeingia shimoni, kwa sababu hizo ndizo shughuli zangu. Nafanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, Tassia hapo hapo, na kutwa nzima natengenezea watu barua pepe. Mtu anakuja kwa sababu fomu fulani ya serikali imemkatalia bila barua pepe, namtengenezea, namwandikia paswadi kwenye kikaratasi, anakitia kwenye kifuniko cha simu, kinalowa jasho, kinafutika, mwezi unaofuata anarudi namtengenezea nyingine. Hakuna anayeisoma. Huku kwetu barua pepe ni ya kupitia getini tu, ukishaingia ndani umeisahau. Na Baba hata hakutengenezewa yake. Muuzaji wa simu kule mjini alikuwa na mtindo wa kuweka barua pepe yake mwenyewe kwenye kila simu aliyouza, ili mteja asicheleweshe foleni, na wateja walimshukuru kwa wepesi huo.

Nilikwenda kumtafuta. Kibanda chake sasa kinauza nywele bandia. Dada aliyekuwemo alikuwa na huruma, akaniulizia kwa majirani wawili, wakasema jamaa alihama, lakini alihamia wapi hawakujua.

Ilikuwepo njia ya pili. Apu ilisema kama huwezi kupata namba ya siri, usijali, tutakutambua kwa sauti yako. Gusa hapa usome sentensi hii kwa sauti yako ya kawaida. Chini yake paliandikwa: Sauti yangu ndiyo ufunguo wangu.

Nilimsomea Mama. Akatazama kule Baba alikokaa.

“Anatakiwa aseme hayo yote?” akauliza.

Niliwaandikia watu wa kampuni. Nilieleza polepole, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, kwamba mwenye akaunti ni baba yangu, yuko hai, tunaye hapa, lakini kiharusi kimemwondolea usemi. Jibu lilikuja papo hapo, kwa hiyo nilijua si mtu. Lilisema pole kwa usumbufu, na je, nimejaribu kusoma sentensi hiyo mahali pasipo na kelele? Nikaandika tena. Likaniuliza kama nimeridhika na huduma, nichague kati ya nyuso tano, kutoka iliyonuna hadi iliyocheka. Niliipiga meza ngumi, na mwenye saiba akaniuliza kama kipanya kimeharibika.

Mwishowe Mama akasema twende wenyewe. Alivaa nguo ya kanisani na kitambaa cheupe cha akina mama, tukaenda upande wa pili wa mji, kwenye jengo la vioo ambako mlinzi alituuliza mara mbili kama tuna hakika ni hapo. Ndani palikuwa na magunia laini ya kukalia badala ya viti. Mama akaangalia lile gunia, akaangalia nguo yake, akabaki amesimama. Kijana aliyetupokea alikuwa mpole, umri wangu hivi, na alipomwona Mama amesimama alikwenda kumtafutia kiti cha kweli mpaka akakipata chumba kingine. Sitaki kusema alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya.

Alisikiliza yote. Akasema inamuuma sana. Akasema kanuni ile imewekwa kumlinda mzee mwenyewe, mtu mwingine asije akasikiliza siri zake. Hata yeye, akasema, hawezi kufungua akaunti ya mtu, mfumo umejengwa hivyo makusudi, na wakati wa kuujenga walijivunia sana. Mama akamwambia yeye si mtu mwingine, yeye ni mke wake, na zile siri ni zake. Kijana akaitikia kwa kichwa. Akauliza, kwa upole ule ule, kama mzee hawezi kujaribu hata nusu ya sentensi, maana siku nyingine mfumo unakubali ukisikia ya kutosha. Nilimwambia kwamba nusu ya sentensi ndiyo tulikuwa tunaitafuta, na tulikuwa tunaitafutia humo ndani walikotufungia mlango.

Ukutani nyuma yake palikuwa na mchoro mkubwa wa mwanamke. Alikuwa amefunga kitambaa, kikapu cha mboga za sukuma mkono mmoja, simu kubwa mkono wa pili, anacheka na meno yote. Mama alikuwa amemwangalia tangu tuingie. Akauliza ni nani yule.

“Huyo ni mteja wetu, mama,” kijana akasema. “Mtu wa kawaida wa mitaa ya Eastlands. Tulimchora tukamweka hapo ili tusimsahau tukiwa tunafanya kazi.”

Mama akamtazama tena.

“Ana mume?” akauliza.

Kijana alicheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaona si utani. Akasema hawakufikiria mpaka hapo. Walijua anauza nini, anaamka saa ngapi, anatumia data ya kiasi gani.

“Muwekeeni mume,” Mama akasema. “Halafu huyo mume augue. Ndiyo mtajua amebaki na nini.”

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyomweleza fundi dirisha likae wapi. Kijana akaandika kitu kwenye kompyuta yake, akaahidi atalifikisha kwa wakubwa, akatusindikiza mpaka kwenye lifti na akampa Mama kikombe chenye ule mdomo unaotabasamu. Mama alikipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Baba anakinywea uji mpaka leo.

Tulikaa tukisubiri, simu haikuja. Ndipo Mama akasema basi tujaribu, Mungu ni wa ajabu. Ilikuwa Jumapili alasiri. Alimnyoa Baba ndevu, akamvalisha shati jeupe kana kwamba anapigwa picha. Alizunguka kwa majirani wote akiomba utulivu, na kila mtu alikuwa anajua ni kwa nini. Redio zikazimwa. Akina mama wakawaita watoto ndani. Hata wale wa kuchomelea mageti upande wa barabara walizima mashine yao wakakaa kwenye vyuma wakingoja. Sijawahi kuisikia Njiru ikiwa kimya vile, wala sidhani nitaisikia tena.

Nilishika simu mbele ya mdomo wake. Nikamsomea sentensi kipande kwa kipande. Alikuwa anaelewa, nililiona hilo machoni mwake. Alijua kilichomo ndani ya ile simu na alijua kinachotakiwa. Akavuta pumzi. Shingo ikakaza, jasho likamtoka juu ya mdomo, mkono ule mzima, ambao kiharusi hakikuugusa, ukashika ukingo wa kiti.

“Kesho,” akasema.

Simu ikajibu kwa sauti ya msichana mchangamfu: hatujaweza kukutambua, jaribu tena.

Akajaribu tena. Safari hii alilipandisha na kulishusha lile neno kwa mdundo wa sentensi nzima, kesho kesho kesho kesho, akijitahidi kulilazimisha liwe mengine yote. Yule msichana akamwambia ajaribu tena. Baba akafunga macho, akakusanya midomo, nikaona anatafuta ile mu yake, hiyo moja aliyokuwa ameipata kwa kazi yote ile, aitoe kama malipo. Ikatoka pumzi tu. Mama akainyakua simu mkononi mwangu akaizima. Baba alikuwa analia, na mkono wake mzima ulikuwa unajaribu kufuta jicho lililo upande wa mkono uliolala.

Nje mashine ya kuchomelea haikuwaka tena siku hiyo.

Tangu siku ile Baba hakufuata tena maneno kwa mdomo. Mama alimsomea Zaburi, nikamletea nyimbo, mtaalamu akaja na kadi zake za picha. Alitutazama kwa adabu akageuza uso. Mu hatujaisikia tena. Nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi, maana kila nikiitafutia mtu namkuta yule kijana anahangaika kutafuta kiti.

Haikupita muda mrefu kampuni ikatangaza inabadilisha mwelekeo. Niliisoma habari hiyo nikiwa saiba, kati ya mteja mmoja na mwingine. Ilikuwa kwa Kiingereza, ina moyo mwekundu mwishoni. Walisema wamejifunza mengi kutoka kwa mwananchi wa kawaida, wanamshukuru, na sasa wataelekeza nguvu zao kwenye makampuni makubwa. Sauti zote za zamani zitaondolewa. Wenye akaunti walikwisha kuarifiwa kwa barua pepe. Nilifikiria ile barua, imetumwa kwa mtu aliyekuwa akiuza simu mahali panapouzwa nywele, labda anayo, labda ameifuta bila kuifungua.

Nilimwambia Mama ana kwa ana, sikutaka kumwambia kwa simu. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua.

“Na yule mama wa ukutani,” akauliza baadaye, “wamempeleka wapi?”

Siku hizi Mama anafanya yeye mwenyewe. Baada ya uji anavuta kiti, hana simu, anaishusha sauti yake iwe nzito na kumsimulia Baba habari ya muthokoi kama yeye Baba alivyoisimulia. Jumapili iliyopita nilikuwepo. Alifika katikati akasita. Akanigeukia akaniuliza, Baba alisema muthokoi umeungua, au alisema umeshika chini? Na jirani alimwambia kwa mlango au kwa dirisha? Nikajaribu kukumbuka. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi sana, na nikagundua kwamba sikumbuki, na kwamba kadiri nilivyokuwa natafuta ndivyo nilivyosikia sauti ya Mama badala ya ya Baba. Tukabaki tunashindana kidogo, mlango, dirisha, mlango.

Kisha tukaacha, kwa sababu anayejua alikuwa amekaa pale pale kati yetu, kikombe mkononi. Mama akainama karibu naye.

“Mzee,” akamwambia, “ulisemaje?”

Baba akamtazama muda mrefu. Kwa mara ya kwanza tangu ile alasiri, mdomo wake ukafunguka kusema.

“Kesho,” akasema.